Ukoka wa Nyamwamba

Nilifika kwa Ithungu na kijiko cha chuma cha pua,
vifuko arobaini, kalamu isiyofutwa na maji,
na barua yenye muhuri niliyoona haya kuitoa.
Alikuwa akipalilia maharage.
"Unataka udongo?" akauliza. "Chukua.
Mto uliuleta bure."

Shamba lake lina rangi mbili.
Upande wa juu ni mweusi, unanukia mvua.
Upande wa chini, pale Nyamwamba ulipojilaza
mwaka ule ulipobeba daraja na jiko la jirani,
udongo una ukijani wa sarafu kuukuu
iliyosahaulika mfukoni mwa koti.
Mahindi hupanda hapo hadi magotini,
kisha hughairi.
Maharage hugeuka manjano bila kelele.
Ukoka tu ndio unaotambaa,
fundo kwa fundo, kama mtu anayeshona gizani.

Husemwa tembo wakipigana ziumiazo nyasi.
Kasese tembo walikuja na reli,
wakautoboa mlima, wakapakia shaba,
wakaacha vilima vya mchanga ukingoni mwa mto,
wakaenda zao.
Reli yenyewe sasa imeota nyasi.

Miezi mitatu nilijifungia maabara, Kampala,
nikisaga mizizi kwenye kinu kimoja,
majani kwenye kinu kingine, visigusane.
Mashine ikataja namba.
Mzizini: shaba tele, na kobalti nyuma yake.
Janini: kidogo mno.
Sikuamini. Nikaosha vyombo kwa asidi, nikarudia.
Ni yale yale.
Mzizi umempokea mgeni mbaya,
umemketisha sebuleni, umefunga mlango wa ndani;
huko juu watoto wanacheza na jua,
hawana habari.

Nilipomweleza, Ithungu hakushangaa.
"Marehemu Mbusa alikuwa hivyo," alisema.
"Miaka kumi na tisa tumboni mwa mlima.
Akirudi ananawa nje, viatu anaviacha nje.
Kikohozi tu ndicho alichoshindwa kukiacha mlangoni."

Lipo jambo jingine, na hili sikumwambia siku ile.
Nilichimba ukoka wa uwanja wa kanisa, kule mlimani,
nikaupanda kwenye makopo ya udongo wake wa chini.
Jina moja, mafundo yale yale,
ungeapa ni mtu na nduguye.
Wiki ya pili ukaungua ncha.
Ya nne nikautupa.
Kumbe huu wa mtoni haukuzaliwa sugu.
Walikufa wengi kwanza, msimu baada ya msimu,
wala hakuna aliyewahesabu;
sisi tumekuta wachache waliosalia
tukasema: tazama, mmea hodari.

Mkuu wangu alipenda ripoti.
Aliongeza kwa mkono wake: *uvumilivu wa ajabu*.
Nikamsomea Ithungu sentensi ile barazani,
nikiitafsiri polepole kwa Lukonzo changu kibovu.
Alichambua mchele hadi mwisho wa ungo.
"Vizuri," akasema. "Sasa andika na hili:
kwamba maharage haya nayala mimi.
Na hilo la uvumilivu, ulifute, au uliweke
mahali ambapo halitasomeka kama sifa."

Sikujua niliweke wapi.

Asubuhi nilimkuta tena upande wa chini, ameinama.
Mkono wake, uliong'oa magugu tangu usichana,
ukaushika ukoka shingoni, ukauvuta,
ukaukung'uta mara moja kwenye kisigino cha jembe,
mara ya pili ukasita hewani.
Akaitazama mizizi, nyuzi na vumbi lake la kijani.
Akapiga goti.
Akaurudisha shimoni, akaukandamiza kwa dole gumba,
halafu akaenda kumfungua mbuzi,
kwa kuwa mbuzi hung'oa na mizizi,
akamhamishia juu, kwenye udongo mweusi,
akimtukana njia nzima.