Shubaka la Kumi na Saba

Kazi yangu viatu. Mlangoni pa hekalu, Ngara,
navipokea, natoa kibati chenye namba.
Champaben alikwenda Kashi miezi miwili;
shubaka lake sikumpa mtu.

Leo karudi. Visigino vimepasuka,
champali zimelika upande mmoja
kama sabuni.
"Mahekalu mangapi, mama?"
"Nilihesabu ngazi. Za kule nyingi,
ila hizi zenu tatu ndizo zinaniuma goti."

Akafungua kikopo cha shaba,
akanitonea kiganjani maji ya Ganga.
Kwetu Huruma bomba limekauka tangu Jumatatu.
Sikujua ninywe, ninawe, au niombe.

Kengele ikalia. Akaingia pekupeku.
Nikayapaka polepole
kwenye ukanda wa champali yake,
nikazirudisha kumi na saba.