Mpigo wa Ukutani

Zamu yangu ya mikate huisha saa nne usiku.
Saa tano nimeshaingia kabatini na gitaa,
makoti matatu ya baridi yakiunyonya mwangwi,
unga umekaukia kwenye kucha.
Nje, Dundee imelowa. Ukungu wa mto Tay
umepanda hadi ghorofa ya sita,
umesimama dirishani kama mdai kodi.

Hapo ndipo Bwana Petrie hugonga.
Kuta zina masikio, hilo tulifundishwa;
huu wangu una ngumi pia.
Ngu, ngu. Kimya. Ngu.

Usiku ule nilikuwa nimechoka kurudia.
Niliutuma wimbo ulivyo, na ngumi zake ndani.

Saskatoon ilikuwa saa kumi na moja jioni.
Doreen Pakulak ameshawashusha watoto wote,
ameliegesha basi la shule kwenye theluji,
ameingia gereji isiyo na hita
kupiga ngoma na glavu mikononi.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema.
Walisema hivyo kwa kuwa hawakuzisikia za Doreen:
zilivuka bahari nzima
zikampata nyoka wangu wa mashaka
pale pale utosini.
Na zile ngumi hakuzifunika. Alizijengea.
Ngu, ngu, akaacha nafasi, akamsubiri Petrie, ngu.

Idwal Prosser wa Swansea hakupendezwa.
Miaka arobaini alichonga funguo;
kisichoingia sawasawa tunduni kinamwasha mwili.
Alileta besi nzito, ya moto kama uji,
na barua isiyo na nukta hata moja
kwamba kule kugonga ni uchafu na uondolewe tafadhali
ama sivyo atajiondoa yeye
Hakujiondoa.
Siku tatu hakuandika. Ya nne akatuma besi nyingine
inayoinama kidogo kila ngumi ijapo,
kama mtu mrefu kwenye mlango mfupi.

Kisha Doreen akauliza: hili "pole"
unalolirudia kila ubeti, maana yake nini?
Niliandika sentensi tatu. Nikazifuta.
Nikamjibu: ni neno la kumpa aliyejikwaa
hata kama si wewe uliyemsukuma.
Alinyamaza muda wa kikombe kizima cha chai.
Akasema kwao hawana;
wana la kukiri kosa tu,
na hilo nalo wanalimwaga ovyo.
Ndipo Idwal akaandika, safari hii kwa nukta,
kwamba paka wake alikufa Jumanne.
Hakutaka kutusumbua.

Basi tukamwimbia, kila mtu chumbani mwake,
pole, mara nne, hadi mwisho wa ubeti,
Doreen akiivuta ile "o" kama lastiki ya soksi,
na Idwal mwenyewe chini kabisa,
akijipa pole kwa sauti ya mlango wa ghala.

Wimbo una dakika tatu na nusu.
Umesikilizwa mara sabini na moja
(thelathini hivi, nadhani, ni mama yangu).
Tulipoandika majina, niliweka:
gitaa, mimi; ngoma, Doreen; besi, Idwal;
ukuta, R. Petrie, ambaye hajui.

Wiki hii mwokaji mwenzangu anaumwa.
Nafanya zamu mbili kwa mpigo,
gitaa halijatoka mfukoni mwake.
Jana narudi saa nane usiku,
navua viatu gizani nisimwamshe mtu.
Ngu, ngu.
Kimya.
Nikasimama na kiatu kimoja mkononi.
Ya tatu haikuja.
Nafasi ikakaa pale, pana,
imeachwa wazi na mtu anayeijua kazi yake.

Nikainua kiatu.