Safu Isiyomo Daftarini

Kila Alhamisi nashusha utepe kisimani, Makutupora,
namba tisa, kando ya zabibu za akina Chilongani.
Unashuka, unashuka, giza linaumeza,
kisha kidude kinalia: pii.
Naandika: mita thelathini na moja, nukta nne mbili.
Tarehe. Saa. Sahihi yangu.

Maji sijayaona. Nimesikia pii.

Daftari la ofisi lina safu saba.
Hakuna ya yale niliyoyakubali kabla sijapima:
kwamba mita ya leo ndiyo mita ya wiki jana;
kwamba utepe haukushinda juani kibarazani ukarefuka;
kwamba maji hayapandi nikigeuka mgongo
yakatulia nikirudi, kama darasa na mwalimu wake.

Nyemo, kijana wa mafunzo kutoka Bahi, ndiye aliyeanza.
Alinikuta naunganisha namba tisa na namba kumi na mbili
kwa rula na penseli, mstari mmoja mnyoofu
chini ya kilomita mbili za vichaka na mbuzi wa watu.
"Dada, hapa katikati ulipima lini?"
Nikamwambia kwanza tunywe chai.

Tukaazima utepe wa pili, Ihumwa.
Ukasema nukta tatu tisa.
Sentimita tatu! Yupi mwongo?
Tukatafuta wa tatu awe hakimu.
"Na huyu," akauliza Nyemo, "kaapishwa na nani?"

Upepo wa Agosti ukafunua kurasa, ukazifunga.

Jiji letu lina jina la tembo aliyedidimia topeni.
Bibi alinihadithia, naye alihadithiwa.
Kina cha tope hakuna aliyekiandika.
Zamani nilimcheka. Siku ile sikucheka:
na mimi nina mstari wangu chini ya mbuzi.

Oktoba wachimbaji wakaja, wakatoboa penye penseli.
Mita ishirini, vumbi.
Arobaini, mwamba, vumbi la kijivu.
Chakula hakikupita. Nyemo alikula sahani mbili.
Arobaini na nane, tope,
kisha maji yakapanda yenyewe, yakasimama
thelathini na moja na kitu.

Fundi akanipa mkono. Nikaupokea,
ila mstari haukushinda kesi;
haujafungwa tu,
leo, hapa, kwa tundu moja.

Jioni mama Sechelela akaja na ndoo, udongo bado mbichi.
"Na kesho yatakuwepo?"
"Yatakuwepo," nikasema,
upesi kuliko ninavyoweza kueleza.