Kanji

Wanangu wamenitaka nichague:
hoteli ya Shangani yenye beseni la shaba,
au ile ya Malindi, bwawa liko darini,
chai unaletewa ukingali na usingizi.
"Siku mbili tu, mama. Utoke Wete, upumzike."

Nikachagua Shangani.
Hawajui: kabla sijaolewa Pemba
nilipiga pasi mle miaka saba,
nikiingilia mlango wa uani;
harufu ya kanji hata leo i viganjani.

Safari hii nimepita mlango mkuu.
Kijana akanipokea mkoba, akaniita bibie.

Nimelala. Sijalala.
Saa nane za usiku nimesimama peku,
naichomeka upya pembe ya shuka.
Wameikunja ovyo.