Biti Nane

Kule Bulengo, kabla ya jua kuamka,
mazuku yamelala kwenye mashimo ya mawe meusi.
Hayana rangi, hayana harufu, hayana haraka.
Mtu mzima hupita kichwa kikiwa juu, akasalimu, akaenda zake.
Mbuzi wa Mama Kavugho hakupita.

Ndiyo sababu sijalala hapa Ndosho, saa nane za usiku:
umeme umerudi, na haukusema umerudi kwa muda gani.
Kwenye skrini nimechora shimo.
Kisanduku cha upepo, kisanduku cha gesi,
kisanduku cha betri inayochoka,
mishale ikipeleka namba mlango hadi mlango.
Hivyo vilikuja tayari, kama maandazi ya dirishani.
Kilichokosekana nilikiunda mwenyewe:
kitupu, milango miwili,
kipimo kiingie, king'ora kitoke,
na katikati sikuchora kitu.
Nilikiambia tu: kila sekunde
nenda ukauite msimbo wa C, uleule
ambao Paluku atauchoma ndani ya chipu
isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Paluku alicheka. "Si uuchore upya tu, dada?
Hesabu ni ileile."
Kweli, juzi niliuchora. Ulifaulu.
Mchoro una adabu:
ukiupa namba kubwa, unaipokea kubwa.

Usiku huu nikalijaza shimo polepole.
Asilimia moja na nusu: king'ora.
Kumi: king'ora.
Ishirini na tano nukta tano, bado kinalia,
nami nanyoosha mkono nichukue chai.

Kikanyamaza.

Nikadhani waya. Nikakumbuka hakuna waya.
Nikarudisha saa nyuma, hatua kwa hatua:
mia mbili hamsini na nne,
mia mbili hamsini na tano,
sifuri.

Biti nane. Niliziandika mimi, mwezi wa tatu,
nikibana kumbukumbu kama mtu anayebana sukari.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa;
hatukuambiwa kwamba kibaba cha biti nane
kikizidi hakimwagiki,
kinajitangaza kitupu.

Na mtoto aliyesimama ukingoni mwa shimo,
akisikia kelele imekoma,
angefikiri nini?
Angefikiri upepo umepita.
Angeshuka kuchukua mpira wake.

Nilibadilisha neno moja. Nane ikawa kumi na sita.
Nikalijaza tena, thelathini, arobaini, sitini,
kikalia, kikalia,
umeme ukakatika, kompyuta ikashika betri, kikalia,
hadi jirani akagonga ukuta.

Samahani, Baba Bisimwa.
Nilikusikia tangu pigo la kwanza.
Nilikuacha ugonge kidogo.