Pini ya Kwanza

Nimeketi juu ya kreti ya soda, Kilembe,
ndani ya kibanda cha mabati kando ya Nyamwamba,
kompyuta mapajani. Waya wa matundu tisa
umeunganisha magoti yangu na kisanduku
kilichotudanganya wiki tatu zilizopita.

Naandika herufi mbili tu, A na T,
kama mtu anayepiga hodi.
Kinajibu: OK.
Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kabugho amesimama mlangoni na daftari lake,
lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Kila alfajiri hushuka hadi kwenye ubao wa sentimita,
akasoma maji kwa macho, akaandika kwa wino wa buluu.
Analipwa pungufu ya vocha anazokula huyu modemu.
"Leo unamfundisha nini?"

Namwambia: pini ya kwanza ni ulimi wake.
Ikiwaka, ofisini Kasese wanajua
kuna mtu upande wa pili wa laini.
Ila huyu, kama alivyotoka kiwandani,
huiwasha daima, mtu yupo, mtu hayupo,
kama shemeji anayeitikia "ndiyo, ndiyo"
na simu imekatika zamani.

AT&C1.
Yaani: sema yupo pale tu unapomsikia.
AT&D2.
Yaani: kompyuta ikishusha mkono, nawe kata,
usining'inie kwenye laini ya watu.
AT&K3.
Hapa Kabugho anacheka, maana namweleza
pini ya saba huuliza, "Niseme?"
na ya nane hujibu, "Sema," au hunyamaza,
naye angependa ziletwe zote mbili
kwenye kikao cha kamati ya maji.

Mimi sicheki. Amri hizi hizi
niliziandika Aprili, herufi kwa herufi,
OK, OK, OK,
nikafunga begi niwahi basi la Fort Portal.
Ilibaki moja.

Umeme ulikatika saa mbili usiku.
Uliporudi, modemu aliamka kama mtoto mchanga,
hajui C1, hamjui aliyemfundisha,
akawasha pini ya kwanza, akatulia.
Kasese, taa ya kijani ikakesha.
Thembo wa zamu aliitazama, akachemsha chai.
Huku juu mto ulikuwa unabingirisha mawe
makubwa kama friji,
na Kabugho anagonga sufuria mlango kwa mlango
kwa sababu jioni daftari lilimwambia
maji yamepanda vidole vinne na mvua bado iko mlimani.
Watu walitoka.
Vitunguu havikutoka, wala daraja la magogo,
wala mbuzi wa Mzee Baluku, aliyefungwa kamba mpya.

AT&W.
Yaani: andika moyoni.
OK.

"Basi, ameshika?"
Sijui. OK nimeshaisikia sana.
Nang'oa plagi mwenyewe.
Vitaa vinakufa kimoja kimoja, kibanda kinajaa sauti ya mto.
Kabugho anahesabu kwa Lhukonzo, bila haraka,
hadi ishirini, ananyanyua kidevu: rudisha.

AT&V. Nionyeshe ulichobaki nacho.
Mistari inashuka kwenye kioo
nami naitafuta C kwa ncha ya kidole,
nikiruka, nikirudi juu,
jasho limeingia jichoni.

Ninapoinua kichwa nimwambie,
hayupo. Ameshuka mtoni, kalamu sikioni.