Bawa la Kushoto

Ribiti ngumu huuzwa kwa kilo, kama misumari.
Ribiti pofu huhesabiwa moja moja,
na muuzaji huzihesabu huku akikutazama mfuko.

Hilo la kwanza. La pili ni mtu.

Ngumu inataka watu wawili:
mmoja nje na nyundo ya upepo,
mwingine ndani ya bawa na kipande cha chuma,
anaukingia mkia wa ribiti
hadi uvimbe, utulie kama kitovu.
Pofu haitaki mtu. Unachomeka, unabana koleo,
tak, utumbo wake unakatika, unadondoka sakafuni.
Imeshika. Haina haja ya kuona upande wa pili.
Ndiyo maana ya jina.

Mimi ni fundi wa masanduku ya shule, Chang'ombe, Dodoma.
Januari watoto wa bweni hunitajirisha wiki mbili;
miezi iliyobaki naunda ndege.
Viti viwili. Injini bado.
Wanaonipenda huniuliza itaruka lini,
wengine hunikumbusha kwamba mji huu
ulipewa jina na tembo aliyezama.

Bawa la kulia nilipiga na Foibe.
Miaka kumi na minne, mkono mwembamba
uliopita kwenye tundu la ubavu hadi kwapani.
Mama yake tulikuwa tumemzika Mvumi, mwezi wa nne,
na nyumbani hatukuwa na la kusema
ila chumvi iko wapi, na mlango umefungwa?
Kwenye bawa tulikuwa na lugha.
Akigonga mara moja: ongeza.
Mara mbili: yatosha, twende inayofuata.
Mara tatu: imepinda, ing'oe.
Ribiti elfu mbili na mia tatu.
Sijawahi kuongea na mtu kiasi hicho.

Sasa yuko bweni, Kondoa,
na sanduku nililolipiga ribiti ngumu pembe zote.
"Baba, tumia zile za kuvuta," aliniambia
akikunja blanketi, bila kuinua macho.
"Hazihitaji mtu."

Nimepima. Pofu ni nzito kidogo;
kidogo mara elfu mbili ni kuku wa kienyeji.
Kitundu chake cha katikati hunywa maji,
lakini Dodoma, maji yenyewe yako wapi.
Michoro inaruhusu zote mbili,
isipokuwa pale bati linapokutana na mhimili.
Pale ni ngumu tu. Wameandika kwa wino mwekundu.

Jumamosi nilijaribu peke yangu.
Mkono wa kushoto nimeuzungusha ukingoni,
shavu limegandamana na bati lenye baridi ya usiku,
nyundo kulia. Nikapiga. Nikapiga.

Ukuta ukagongwa mara tatu.

Ni Sembuli, jirani, mlinzi wa ghala la alizeti,
akesha usiku, alala mchana,
anaomba kwa ngumi nimhurumie.
Nilizima nyundo. Kisha, sijui kwa nini,
nikachukua kioo cha kunyolea, nikachungulia ndani.
Imepinda. Mkia umelala upande kama mlevi.
Nikaing'oa.

Sakafu na mkia wa ndege nimemaliza kwa pofu.
Zimeshika, sizilaumu. Jioni nafagia mabaki yao
na kuku wa Sembuli wanakuja kuyadonoa, wanayatema.
Mhimili nimeuacha na matundu mia na arobaini,
nimeyabandika karatasi vumbi lisiingie.

Disemba atakuja, na huenda mkono umenenepa,
huenda haupiti tena.
Tundu haliruhusiwi kupanuliwa.
Basi atapiga yeye.
Nimeupima wangu: unakwama kiwikoni,
lakini hadi hapo
vidole vimeshafika pa kugonga.